Kaburi Katikati ya Soko: Kuisoma Upya Al-Inkishafi

Katika madarasa yetu mengi, mwalimu anapoifikia Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hueleza mambo matatu, kisha hufunga kitabu: kwamba Pate ilikuwa na fahari, kwamba fahari hiyo iliangamia, na kwamba mwanadamu asiitegemee dunia. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo twaona kwamba ni mafupi mno, na ufupi wake una madhara yasiyoishia katika karatasi ya mtihani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kaburi la kale ni mfano tu wa ubatili wa dunia hana sababu ya kusimama siku atakapoliona kaburi lenyewe, limebanwa baina ya ukuta wa hoteli na barabara ya malori. Kwake yeye, kaburi limekwisha sema neno lake ndani ya ubeti. Hapo njiani yamebaki mawe matupu.

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki utungo huo si peke yake, bali mbele ya makaburi yaliyosalia katika miji yetu ya leo, ambamo ardhi ina bei na kila kiwanja kina mwenye kukitamani. Tunadai kwamba Al-Inkishafi ikisomwa vizuri haitufundishi kuyadharau mawe, wala haitutaki tuichukie biashara. Yatutaka tuulize nani alijenga, kwa mali gani, na nani aliyesahauliwa.

Utungo wenyewe

Sayyid Abdallah aliishi katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati ambapo Pate, iliyokuwa imetajirika kwa biashara ya bahari, ilikuwa ikididimia kwa ugomvi wa kurithi kiti na kwa vita na majirani. Kushindwa kwa Pate katika vita vya Shela, karibu na mwaka 1813, kuliithibitishia Lamu nafasi ambayo Pate ilikuwa imeipoteza. Wasomaji wengi wa nje ya pwani waliupata utungo huu kwa chapa ya William Hichens ya mwaka 1939, na tangu hapo haujatoka katika orodha za vitabu vya fasihi.

Kwa desturi twauita utenzi, ingawa umbo lake silo lile la mizani 8 tulilolizoea katika tenzi. Kila mshororo una mizani 10, nao hukatika baada ya mizani ya sita. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti huwa na kina chake, na kituo huwa na kina kimoja kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Walimu wengi huyataja haya kama hesabu, kisha wakapita. Lakini tuyatazame yanafanya kazi gani. Mshairi anaweza kuanza ubeti mahali popote apendapo: baharini, sebuleni, kitandani, mbinguni, mishororo mitatu yampa uhuru huo. Kituo humrudisha pale pale. Msikilizaji hata asiyeyashika maneno yote huusikia mlango ule ule ukifungwa mwishoni mwa kila ubeti, na ndiyo sababu mawaidha haya huingia sikioni kabla ya kuingia akilini.

Mpangilio wa mawazo nao wastahili kuangaliwa. Baada ya kumhimidi Mungu, mshairi anauelekea moyo wake mwenyewe na kuukaripia. Anaufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka na mazigazi yanayomhadaa mwenye kiu. Kisha anaingia katika majumba ya matajiri waliopita, na hapo anakawia. Anatutembeza kumbini, anatuonyesha taa, matandiko, vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri. Halafu anatuonyesha mahali hapo hapo pakiwa makao ya popo na ndege. Anatupeleka pia makaburini, na mwisho Jehanamu.

Twauliza: kwa nini akawie majumbani? Kama nia yake ingekuwa kuidharau mali tu, ingetosha aitaje kwa neno moja na kuendelea. Lakini yeye anaitaja mali kwa jicho la mtu aliyeijua: anajua taa ya aina gani iliangaza ukumbi, na chombo gani kiliwekwa katika kidaka kipi. Huyu si mtawa anayetazama mji kwa mbali. Ni mwana wa mji wa wafanyabiashara, na maombolezo yake yanatoka ndani ya nyumba. Mwalimu anayeziruka beti za majumba ili afike upesi kwenye mawaidha anauondoa moyo wa utungo na kubakiza ganda.

Mawe ya wafanyabiashara

Sasa tutoke kitabuni. Tangu pwani ya Somalia hadi pwani ya Tanzania kumesimama makaburi ya nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, ambayo hayana mfano wake kamili mahali pengine. Lile kaburi la Gede lenye tarehe, ambalo halina nguzo lakini ni la ustaarabu huo huo, limechorwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 Miladia. Kule Malindi, nguzo mbili za makaburi zimesimama kando ya msikiti wa Ijumaa, katika mji ambao leo hujulikana zaidi kwa hoteli na watalii. Mombasa nako, mnara wa Mbaraki, mnara mtupu wa matumbawe ambao wataalamu wengi huuhusisha na kaburi la mkubwa mmoja wa zamani, umesalia katika kitongoji cha maghala na shughuli za bandari, na watu wameendelea kuuendea kwa ubani na maombi wakati malori yakipita. Na Kunduchi, kilomita zipatazo 20 kaskazini ya katikati ya Dar es Salaam, makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yamelala chini ya mibuyu, jirani na kijiji cha wavuvi, hoteli za ufukweni na mitaa inayozidi kusongamana.

Katika nguzo na kuta za makaburi kama hayo, mafundi walipachika mabakuli na sahani za kauri zilizotoka Uchina na nchi nyingine za ng'ambo. Hapo ndipo utungo na jiwe vinapokutana. Chombo kile kile ambacho Sayyid Abdallah anatuonyesha katika kidaka cha nyumba, wajenzi walikipachika katika kaburi. Tajiri alikula katika sahani, akaipamba nyumba kwa sahani, akazikwa chini ya sahani. Na katika makaburi mengi vyombo hivyo vimekwisha banduliwa na wezi na wakusanyaji, pakabaki mashimo ya duara katika chokaa. Anayeyatazama mashimo hayo anaona vidaka vitupu vya Al-Inkishafi kwa macho yake, bila ya kuhitaji tafsiri ya mtu yeyote.

Hapa pana funzo ambalo usomaji wetu wa kawaida huliacha. Hupenda kusemwa kwamba biashara imeyavamia makaburi ya kale, kana kwamba makaburi hayo yaliota katika nchi isiyojua kuuza wala kununua. Si kweli. Yalijengwa kwa faida ya biashara, katika miji iliyoishi kwa biashara, na mara nyingi kando ya msikiti na karibu na bandari, yaani mahali penye watu. Kaburi la nguzo halikufichwa porini. Lilisimamishwa lionekane na mwenye jahazi na mwenye duka. Kwa hiyo kuliona kaburi la kale katikati ya mji wa biashara si ajabu wala si msiba wenyewe. Msiba uko kwingine.

Tofauti kubwa baina ya zamani na leo ni nasaba. Zamani, aliyejenga nyumba kando ya kaburi aghalabu alimjua aliyelala humo: ama ni babu yake, ama ni babu wa jirani yake, ama ni sharifu aliyeheshimiwa na mji mzima. Leo ardhi hupita mikono mingi kwa karatasi, na mwenye karatasi ya mwisho hana habari ya mtu wa kwanza. Kaburi huwa alama katika ramani ya kiwanja, na alama katika ramani hufutika kwa urahisi kuliko jina katika ulimi. Al-Inkishafi yalijua jambo hili. Mshairi anapouliza wako wapi waliokuwako, anauliza kwa kuwa yeye angali anayajua majina yao. Swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu asiyemjua yeyote.

Neno na sheria

Sisi walimu wa lugha tunayo sababu ya pekee ya kuingia katika mjadala huu, kwa sababu sehemu kubwa ya jambo hili imo katika maneno. Tutazame neno «magofu». Katika mazungumzo, vibao na vitabu vya safari husemwa «magofu ya Kunduchi», «magofu ya Kaole», hata pale ambapo kilichosalia zaidi ni makaburi. Gofu ni jengo lililokwisha kazi yake: nyumba isiyokaliwa, msikiti usiosaliwa. Je, kaburi laweza kuwa gofu? Nyumba hufa anapotoka mwenyewe; kaburi huanza kazi anapoingia mwenyewe, na kazi hiyo haina siku ya kukoma. Tukiliita kaburi gofu tumekwisha tangaza, kwa neno moja, kwamba humo hamna mtu. Baada ya hapo tingatinga halina la kujibu.

Vivyo hivyo kuna tofauti kati ya kuzuru na kutembelea. Kiswahili kina neno ziara, na pwani mtu huzuru kaburi: huenda kwa nia, huvua viatu au huinamisha kichwa, husoma dua, huondoka. Mtalii hutembelea magofu: hulipa kiingilio, hupiga picha, huondoka. Hatusemi kwamba la pili ni kosa. Kiingilio chaweza kumlipa mlinzi na kununua chokaa. Twasema tu kwamba mahali panapotembelewa na wala hapazuriwi, punde huhesabiwa kwa mapato yake, na siku mapato yatakapopungua hapatakuwa na hoja nyingine ya kupatetea.

Sheria nayo ina lugha yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda miongoni mwa kumbukumbu zake maziko na majengo yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Ni sheria njema, na bila ya hiyo huenda mengi yangekuwa yamekwisha kuwa kifusi. Lakini hebu tuitafakari namba hiyo. Aliyezikwa mwaka 1862 ni kumbukumbu ya taifa. Mkewe aliyezikwa kando yake mwaka 1864 hahesabiwi kwa kipimo hicho. Ipo pia Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayoruhusu makaburi kuondolewa katika ardhi inayohitajiwa kwa manufaa ya umma. Sheria hiyo haikusahau utu: inataka heshima katika kazi hiyo, na katika gharama zinazoweza kufidiwa inataja hata zile za kafara na ibada za kutuliza. Ni wachache wanaojua kwamba neno la namna hiyo limo katika kitabu cha sheria. Hata hivyo fidia hudai mdai. Pale ambapo nasaba imekatika, hakuna wa kusimama mbele ya ofisa na kusema, huyu ni wangu. Ndipo tunapoona kwamba kulinda kaburi huanza na kulijua jina, na kujua majina ni kazi ya shule kabla hayajawa kazi ya mahakama.

Wasiokuwa na mawe

Uhakiki wa haki haumwachi mshairi bila ya lawama. Waliomo katika Al-Inkishafi ni wakubwa: wenye majumba, wenye taa, wenye kufuatwa na watu wanapotembea. Wale waliobeba mawe ya majumba hayo, waliochoma chokaa, waliopiga makasia, waliouzwa na kununuliwa katika miji hiyo hiyo, hawaulizwi wako wapi. Mshairi anasema kwamba kaburi huwasawazisha wote, na kwa imani yake ni hivyo. Lakini machoni petu kaburi halikuwasawazisha. Tajiri aliacha nguzo. Mtumwa hakuacha hata kokoto. Kwa hiyo tunaposema «makaburi ya kale yaliyosalia», tunasema makaburi ya waliokuwa na uwezo wa kusalia.

Ili kuona kwamba wasio na mawe nao waweza kurudi, tutoe mfano wa mbali. Mwaka 1991 katika mji wa New York, Marekani, katika mtaa wa biashara ambao kila hatua ya ardhi yake ni mali, wachimbaji wa msingi wa jengo la ofisi za serikali walikutana na mifupa. Yalikuwa makaburi ya Waafrika, watumwa na walioachwa huru, waliozikwa huko hadi mwishoni mwa karne ya 18. Mji ulikuwa umeyafukia, ukajenga juu yake, na ukayasahau. Watu 419 walifukuliwa. Wakazi weusi wa mji huo walipaza sauti, mpango wa ujenzi ukabadilishwa, waliofukuliwa wakazikwa tena mwaka 2003, na mwaka 2006 mahali hapo pakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Jengo lilijengwa, na kaburi likabaki. Vyote viwili viko pamoja hadi leo. Tuzingatie kilichowaokoa wafu hao: hawakuwa na jiwe, wala jina, wala jamaa aliyethibitishwa. Walikuwa na watu waliokataa kuamini kwamba asiye na jina hana mwenyewe.

Kwa wanafunzi wa bara

Wanafunzi wengi wa Kiswahili katika nchi zetu za bara hawajaiona Pate wala Kunduchi, na huenda wasizione. Je, Al-Inkishafi iwe kwao habari ya wengine? Sivyo. Kwa mwanafunzi wa Kampala, tumpeleke Kasubi. Juu ya kilima hicho Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo, na nyumba ikawa kaburi. Baada yake walizikwa Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Mji umekipanda kilima pande zote, na maduka, masoko na vituo vya magari vimeizunguka ardhi hiyo ya zaidi ya hekta 26. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu iliteketea kwa moto, na mwaka huo huo Kasubi, iliyokuwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilijengwa upya, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha hiyo.

Mfano huu waukamilisha na pia kuusahihisha utungo wetu. Sayyid Abdallah aliona nyumba iliyokufa na kaburi lililojaa. Kasubi nyumba na kaburi ni kitu kimoja, na hakikufa hata kilipoungua. Kwa nini? Si kwa sababu ya ukuta, maana nyumba ile iliezekwa kwa nyasi, na nyasi huoza. Ni kwa sababu kuna watu wenye zamu: kuna wanaoishi hapo kuwalinda waliolala, na kuna ukoo wa Ngeye ambao kuezeka ni wajibu wao wa kurithi. Jengo la nyasi linalohitaji kuezekwa tena na tena lina bahati ambayo jiwe halina: linamlazimisha mtu arudi. Kaburi la matumbawe lilijengwa ili lisimhitaji mtu, na huo ndio udhaifu wake. Twaona basi kwamba kaburi hudumu katikati ya soko pale tu linapokuwa na kazi ya kufanyiwa na watu wanaojua kwamba kazi hiyo ni yao.

Darasani

Ndugu walimu, tunapendekeza usomaji wa Al-Inkishafi uongezewe mambo machache yasiyohitaji fedha. Kwanza, beti za majumba zisomwe polepole, na wanafunzi waorodheshe kila kitu kilichotajwa, kisha waulize kilitoka nchi gani na kililetwa na nani. Pili, watafute mahali pa kale katika mtaa wao wenyewe, kaburi la mzee, la mmisionari, la mfanyabiashara Mhindi au Mwarabu, la askari, wauulize mji ni nani aliyelala hapo, na waandike majibu kwa Kiswahili. Tatu, wajadili maneno: gofu, kaburi, wakfu, kiwanja, fidia, ziara; na waone kila neno linampa nani haki na kumnyima nani. Nne, wasomaji wakubwa waulizwe swali ambalo mtihani hauliulizi: katika utungo huu, ni nani ambaye hakuulizwa yuko wapi?

Tunajua kwamba si kila kaburi litabaki. Miji hukua, barabara hupitishwa, na walio hai wanahitaji mahali pa kulala na pa kuuzia. Anayetaka kila jiwe libaki pale lilipo hajapata kutafuta kiwanja. Lakini kuna njia mbili za kuliondoa kaburi. Moja ni ya watu wanaolijua, wanaolitaja jina, wanaosoma dua na kulihamisha kwa mikono yao. Nyingine ni ya watu wanaolikuta asubuhi limekwisha kuwa kifusi, na wanaendelea na safari kwa kuwa hawakujua lilikuwa nini. Kati ya njia hizo mbili amesimama mwalimu, na kitabu chake cha mashairi mkononi. Akikifunga mapema, ameichagua njia ya pili kwa niaba ya wanafunzi wake.